Nipe Mji

Kitendawili!

Nimesikia "Tega," hata kutoka kwako unayesoma peke yako kimoyomoyo. Basi tegeni masikio, wanangu, maana hiki ni kirefu kidogo.

Malambo mawili ni mapacha. Yamejengwa na fundi mmoja, mwaka mmoja, kwa udongo wa shimo moja. Matuta yao yanalingana urefu, maji yao yanalingana kina, na hakuna lenye ufa hata wa kupitisha sindano. Akaja mkaguzi na daftari lake. La kwanza akaliandika: hatari ndogo. La pili akaliandika: hatari kubwa. Na hakukosea. Kwa nini?

Msiharakishe. Desturi yetu mnaijua: mkishindwa nitawaambia "Nipeni mji," nanyi mtanipa Mombasa, au Tabora, au Bukavu. Nitajigamba kidogo kwamba nimefika huko, nimelakiwa kwa ngoma, nimekula wali kwa kuku, ndipo niwape jibu. Katika mchezo mji hutolewa kwa mdomo tu. Tukimaliza, kila mtu anabaki na mji wake na watu wake wote wazima. Lakini kitendawili hiki cha malambo si cha kuchezea tu. Wakubwa wakishindwa kukijibu, mji hutolewa kweli. Ndiyo maana nimekileta kwenu mapema, kabla hamjawa wakubwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Tanzania wafugaji na wakulima hukiita lambo. Kenya wengi husema bwawa, na ukipita Ukambani au Umasaini utasikia silanga. Ni tuta la udongo lililojengwa kukatiza korongo au bonde dogo, ili maji ya mvua yasikimbie yote kwenda zake. Mengine ni ya serikali, lakini mengi ni ya watu binafsi: mwenye shamba la kahawa, mfugaji, shule, kikundi cha wanakijiji. Nataka mjue tangu sasa kwamba lambo ni kitu chema. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hunywa hapo, miche hunyweshwa hapo, na kina mama hawatembei nusu siku kutafuta dumu moja la maji. Sitaki mtu aondoke hapa akiyachukia malambo. Nataka aondoke akijua kuyauliza maswali.

Sasa inukeni, twende uani.

Chukueni beseni pana, udongo wa mfinyanzi wa kujaza viganja vya watu wawili, na kikombe cha maji. Jengeni tuta katikati ya beseni, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Msiuweke udongo wote mara moja. Wekeni tabaka jembamba, mlishindilie kwa ngumi, kisha tabaka jingine, mshindilie tena. Hivyo ndivyo lambo la kweli linavyojengwa, tabaka juu ya tabaka, na mashine nzito hupita juu ya kila tabaka mpaka udongo ushikamane. Tuta lililorundikwa tu bila kushindiliwa lina vinyweleo vingi ndani, na maji huvitafuta kama siafu anavyotafuta tundu la jikoni.

Mmemaliza? Mimineni maji upande mmoja, taratibu, yakaribie kilele cha tuta lakini yasikifikie. Subirini. Gusa upande mkavu kwa kidole: utaona umeanza kuwa na unyevu. Msishtuke. Tuta la udongo halizuii maji kama sufuria. Huyaruhusu yajipenyeze kidogo sana, polepole sana, na fundi hodari huyawekea njia ya mchanga na kokoto ili yatoke bila kubeba udongo. Unyevu ule ukitoka safi na haba, lambo linapumua tu.

Sasa angalieni kwa makini. Kwa ukucha wa kidole kidogo, chora mstari juu ya kilele cha tuta, kutoka upande wa maji hadi upande mkavu. Mstari tu, usizidi unene wa ukucha. Kisha ongeza maji kidogo yafike kwenye mstari.

Maji yataanza kupita kama uzi. Uzi ule utakuwa na rangi ya udongo, kwa sababu kila tone linalopita linaondoka na chembe. Mstari utazama. Ukizama, maji mengi zaidi yatapita. Yakipita mengi zaidi, yatachimba zaidi. Kingo zitaanza kumomonyoka na kuanguka ndani vipande vipande. Kabla hujafika kumi ukihesabu, tuta lako huenda limepasuka katikati, na upande uliokuwa mkavu umefurika.

Mmeona? Hakuna aliyelisukuma tuta. Hakukuwa na tetemeko wala radi. Maji yamejichimbia mlango, na kadiri mlango ulivyopanuka ndivyo mchimbaji alivyopata nguvu. Kwa sababu hiyo, lambo la udongo lina sheria moja isiyovunjwa: maji yasipite kamwe juu ya kilele chake.

Lakini mvua haijui sheria. Kwa hiyo fundi huacha nafasi kati ya maji na kilele, na pembeni mwa tuta huchonga utoro, yaani mfereji mpana wa kutolea maji ya ziada kabla hayajapanda juu. Tuta hushika maji, na utoro hulilinda tuta. Ukiona mtu ameziba utoro kwa magunia ya mchanga ili apate maji mengi zaidi ya kiangazi, au ameufunga kwa wavu ili samaki wake wasitoke, jueni ameondoa mlinzi. Hilo si jambo la kubuni. Huko Pennsylvania, Marekani, klabu moja ya matajiri ilimiliki bwawa la udongo juu ya mji wa Johnstown. Waliweka wavu wa samaki kwenye utoro, wakashusha kilele cha tuta ili magari ya farasi yapite vizuri, na mabomba ya kupunguzia maji chini ya tuta yalikuwa yamekwisha kung'olewa na mmiliki wa kabla yao. Tarehe 31 Mei, 1889, baada ya mvua kubwa, maji yalipita juu ya tuta, likakatika. Zaidi ya watu 2,200 walikufa.

Turudi kwenye beseni. Jengeni tuta upya, lakini safari hii lazeni mrija wa soda ndani yake, kisha mkishajaza maji uchomoeni. Kilele kiko salama, utoro upo, na bado maji yanatoka, kwa ndani. Hiyo ndiyo njia ya pili ya lambo kufa. Katika lambo la kweli mrija ule ni mzizi wa mti uliokauka na kuoza, shimo la panya au nungunungu, kichuguu cha mchwa, au bomba la zamani lililoliwa na kutu. Tone hubeba chembe, chembe huacha tundu, na tundu hurefuka likirudi nyuma kuelekea kwenye maji. Siku likifika, hakuna anayewahi. Na hili haliihitaji mvua. Linaweza kutokea mchana wa jua, mbingu nyeupe.

Ya tatu ni mteremko wa tuta kuwa mkali mno, kama ukuta. Udongo ukilowa huwa mzito na mlegevu, ukashuka wenyewe kama mlima unaoporomoka.

Labda mtaniambia, "Lakini malambo yetu ni madogo." Haya, tupige hesabu. Chukueni lambo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, na kina cha mita 4 tu. Lina zaidi ya meta za ujazo 28,000. Kila meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kwa hiyo nyuma ya tuta lile la udongo kuna zaidi ya tani 28,000. Ukitaka kuzihamisha kwa madumu ya lita 20, utahitaji madumu zaidi ya milioni 1 na laki 4. Lambo likikatika, mzigo ule haushuki dumu kwa dumu. Na maji yanayokimbia hayahitaji kukufika shingoni, kwani yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa nasema polepole.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Mei, 2018. Solai iko katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, kwenye Bonde la Ufa, nchi ya vilima na mashamba makubwa. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali, na ardhi ilikwisha kushiba maji. Juu, ndani ya shamba kubwa la mtu binafsi, kulikuwa na bwawa la udongo. Chini yake, kwenye mteremko, kulikuwa na makazi ya watu wa kipato kidogo. Yapata saa 2 usiku, saa ambayo nyumba nyingi zinapakua chakula na watoto wadogo wamekwisha kusinzia, tuta lilikatika.

Maji hayakushuka peke yake. Yalishuka na matope, mawe na miti, na nyumba zilizokuwa njiani ziliondoka nayo. Kulipokucha, palipokuwa na makazi palikuwa na tope, na watu walikuwa wakichimba kwa majembe na kwa mikono wakitafuta wenzao. Watu 48 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mamia ya familia zilibaki bila makao. Baadaye maofisa wa maji walisema bwawa lile halikuwa na kibali, na serikali ikatuma wahandisi wakague mabwawa mengine ya mashamba.

Nawaambieni habari hii kwa sababu wale watoto walikuwa na umri wenu. Hawakuwa wamekosea chochote. Walikuwa nyumbani kwao tu.

Basi mmeshapata jibu la kitendawili?

Jibu haliko kwenye tuta. Liko chini ya tuta. Lambo la kwanza, lililoandikwa hatari ndogo, chini yake kuna mbuga tupu na shamba la mwenyewe. Likikatika leo usiku, mwenyewe atapoteza maji yake, mahindi yake na labda ng'ombe wawili, na kesho atalia lakini atakuwa hai. Pacha wake, chini yake kuna nyumba, kuna duka, kuna shule yenye bweni. Likikatika leo usiku, watu watakufa. Tuta ni lile lile na udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni aliyelala chini yake.

Wataalamu huliita hilo daraja la hatari la bwawa, na hapo ndipo watu wazima wengi hujikwaa. Mwenye shamba akisikia bwawa lake limewekwa daraja la juu la hatari, hukasirika: "Mbona bwawa langu ni zima? Nani kaona ufa?" Hakuna aliyesema lina ufa. Hayo ni maswali mawili tofauti, na lazima yaulizwe yote. Swali la kwanza: bwawa hili ni zima au ni gonjwa? Swali la pili: likikatika, litamkuta nani? Methali yetu ya usipoziba ufa utajenga ukuta inajibu swali la kwanza vizuri sana. Swali la pili haliuliziwi kwenye ukuta. Ni lazima uupe ukuta mgongo, ushuke bondeni, uhesabu milango.

Marekani huyapanga mabwawa katika madaraja 3 kwa kufuata swali hilo la pili. Daraja la chini ni pale ambapo likikatika hakuna anayetazamiwa kufa, na hasara karibu yote ni ya mwenye bwawa. Daraja la kati ni pale ambapo hakuna anayetazamiwa kufa, lakini barabara, umeme, maji ya mji au mali za watu zitaharibika. Daraja la juu ni pale ambapo inatazamiwa mtu atakufa. Sikilizeni vizuri: mtu, hata mmoja. Hawasubiri wafike mia. Roho moja inatosha kulipandisha bwawa daraja la juu.

Kenya, kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka madaraja A, B na C kwa kuangalia ukubwa. Lambo ambalo kina chake hakifiki mita 5 na maji yake hayafiki meta za ujazo 100,000 lilikuwa daraja A, la chini kabisa. Kuanzia mita 15, au maji ya zaidi ya meta za ujazo milioni 1, lilikuwa daraja C. Kuangalia ukubwa kuna faida yake, kwa kuwa bwawa kubwa huleta maji mengi na linahitaji mhandisi mwenye ujuzi zaidi. Lakini kumbukeni lambo letu la uwanja wa mpira. Kwa vipimo hivyo ni daraja A, na bado nyuma ya tuta lake kuna tani 28,000. Ndiyo maana ukubwa peke yake hautoshi. Afrika Kusini wameyaunganisha yote mawili: bwawa lenye ukuta wa zaidi ya mita 5 na maji ya zaidi ya meta za ujazo 50,000 ni lazima lisajiliwe, kisha hupangiwa daraja kwa kuangalia urefu wa ukuta pamoja na madhara kwa walio chini.

Kama bado kuna anayesema bwawa dogo haliui, nimpeleke Toccoa, mji mdogo katika jimbo la Georgia huko Marekani. Juu ya maporomoko ya maji kulikuwa na bwawa la udongo la chuo cha Biblia, lililoitwa Kelly Barnes. Urefu wake ulikuwa kama mita 12. Zamani lilizungusha mtambo mdogo wa umeme wa chuo, na mtambo ulipoacha kutumika bwawa likabaki tu, ziwa zuri juu ya mlima. Chini ya maporomoko walikaa wanafunzi na familia zao. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Novemba, 1977, yapata saa 7 na nusu, baada ya mvua nyingi, tuta lilikatika. Watu 39 walikufa, 20 kati yao wakiwa watoto. Wachunguzi hawakupata chanzo kimoja cha kulaumu, lakini walieleza kuwa mteremko wa tuta ulikuwa mkali mno, na ikapatikana picha ya mwaka 1973 inayoonyesha sehemu ya mteremko huo imekwisha kumeguka. Yaani miaka 4 kabla, tuta lilikuwa limesema. Lilisema kwa lugha ya udongo, na hapakuwa na masikio.

Rais Jimmy Carter, aliyetoka jimbo hilohilo, aliamuru yakaguliwe mabwawa yasiyo ya serikali kuu ambayo yangeweza kuua yakikatika. Katika miaka iliyofuata wahandisi wa jeshi walikagua karibu mabwawa 9,000. Takriban theluthi moja walikuta si salama. Yalikuwa yamesimama pale miaka yote, na wenyewe wakiyaona kila asubuhi. Kuona kitu kila siku si kukikagua.

Kuna jambo moja bado, na ni lile linalonikosesha usingizi zaidi. Daraja la hatari halikai mahali pamoja. Linaweza kupanda bila tuta kuguswa.

Fikirini bonde moja. Mwaka wa kwanza, mzee anajenga lambo kwenye shamba lake. Chini ni vichaka na korongo. Mkaguzi anaandika hatari ndogo, na ni kweli. Mwaka wa 5, kijana anajenga chumba kimoja kando ya korongo kwa kuwa kiwanja cha pale ni rahisi. Mwaka wa 8, dada yake anafungua kibanda cha chapati. Mwaka wa 12 barabara inapita, na penye barabara pana soko. Mwaka wa 15 wanakijiji wanachanga mawe na mabati, wanajenga shule. Lambo halijaongezeka hata sentimeta moja. Limezeeka tu: ng'ombe wamepita juu ya kilele kwenda kunywa, kila siku, mpaka kwato zikachonga njia iliyozama, chini kuliko sehemu nyingine zote za tuta. Mnaikumbuka alama ya ukucha? Na daftarini bado imeandikwa hatari ndogo. Hakuna aliyedanganya. Daftari limelala huku bonde likijaa watu. Ndiyo maana daraja linapaswa kuulizwa upya kila baada ya muda, na kila anayegawa viwanja bondeni anapaswa kwanza kuinua macho aone juu kuna nini.

Mtauliza, daraja lina faida gani? Si neno la kuandikwa kwenye karatasi tu? Hapana. Daraja likipanda, kazi za mwenye bwawa hupanda nalo. Utoro wake lazima uwe mpana zaidi, uweze kupitisha mvua kubwa ambayo huja mara moja katika miaka mingi sana. Ukaguzi wa mhandisi unakuwa wa mara kwa mara. Panachorwa ramani ya njia ambayo maji yatapita na nyumba yatakazozifikia. Unaandikwa mpango wa dharura: nani atampigia nani simu, kengele gani italia, watu wakimbilie kilima gani. Na yote hayo yawepo wakati tuta ni zima, kwa sababu usiku wa kukatika si usiku wa kutafuta namba ya simu.

Na mwenye bwawa asiseme, "Ni langu, liko kwenye shamba langu." Tuta ni lake, kweli, na maji yakiwa nyuma ya tuta yanamhudumia yeye. Lakini yakishatoka hayasomi hati ya shamba wala hayasimami kwenye ua. Kenya, kibali cha bwawa kinatoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamiwa mabondeni na bodi za maji za mabonde. Ofisi hizo zipo ili jirani wa chini awe na mtu wa kumsemea.

Nanyi, wanangu, mnaweza kufanya nini? Si kazi yenu kulinda mabwawa, na sitaki kumsikia mtoto amepanda tuta peke yake au ameogelea lamboni. Lakini macho mnayo, na mnapita njia hizo kwenda shule mara nyingi kuliko mhandisi. Mkiwa na mtu mzima, tazameni kwa mbali. Je, kuna sehemu ya kilele iliyozama? Je, utoro umeota vichaka au umezibwa? Je, chini ya tuta kuna mahali pameota nyasi mbichi kiangazi wakati pengine pote pamekauka? Hapo maji yanajipenyeza. Je, maji yanayotoka chini ya tuta ni safi au yana rangi ya chai ya maziwa? Yakiwa na rangi, yanabeba udongo, na udongo ule unatoka tumboni mwa tuta. Hilo si la kesho. Mwambieni mzazi, mwalimu, chifu au mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo. Na mkisikia tuta limeanza kukatika, msikimbie kufuata bonde. Maji yanafuata bonde, tena yana mbio kuliko ninyi. Kimbieni kupanda, pembeni, kuelekea mwinuko.

Na moja la leo usiku. Chukueni karatasi, mchore njia ya maji kutoka lambo lililo karibu nanyi mpaka yanakoishia. Wekeni alama kila penye nyumba. Andikeni majina: kwa shangazi, kwa fundi baiskeli, bweni la wasichana. Halafu mwonyesheni mkubwa yeyote mwenye sauti kijijini, mmtegee kwa heshima: "Shikamoo. Kitendawili. Lambo likikatika usiku, litamkuta nani?"

Akijua jibu, mshukuruni. Akinyamaza, msiseme "Nipe mji." Mwekeeni ile karatasi mkononi, mngoje aisome mlango kwa mlango. Majina yote mliyoyaandika pale ndiyo mji wenyewe, na hatuutoi.